Aliyeniuliza Saa ya Mwezi

Kisa hiki hakikumpata rafiki wa rafiki yangu, wala sikukisikia saluni. Kilinipata mimi mwenyewe, dukani kwangu Kiseke, hapa Mwanza, nikiwa sina homa na nimekula wali wangu wa mchana nikashiba. Naanza hivyo kwa sababu najua mtakavyosema. Hata mimi ningesimuliwa ningesema hivyo hivyo.

Nina duka la steshenari kwenye barabara inayoshuka kuelekea ziwani. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Asubuhi nina wanafunzi, jioni nina wenye shida zao, na katikati hapo duka huwa kimya. Mimi sikuumbiwa kukaa bure. Ndipo nilipoanza kuzurura angani.

Usicheke. Kuna tovuti zinazoonyesha picha za vyombo vilivyotumwa huko juu, unakaa kwenye kiti chako cha plastiki unaangalia Mirihi jiwe kwa jiwe. Na Mirihi, niamini, ni kama Mwanza iliyoanikwa juani ikakauka: mawe juu ya mawe. Kisha nikapakua programu moja ya bure ya kuangalia nyota. Unaiambia uko wapi, siku gani, saa ngapi, nayo inakuchorea anga lote kama litakavyokuwa juu ya paa lako. Ukitaka unarudi nyuma miaka mia. Ukitaka unabonyeza herufi moja, ardhi yote inaondoka, unabaki unaelea, nyota juu na nyota chini ya miguu yako. Mara ya kwanza nilipoiondoa ardhi nilishika meza. Baadaye nikawa naiondoa kila siku, maana ilinikumbusha ziwa letu siku za giza, wavuvi wa dagaa wanapowasha taa zao na wewe uko juu kwenye mawe, hujui maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi.

Mtaani wakanipachika jina: Mama Sayari. Na sijazaa hata mmoja. Wengine wakaniletea majina ya wachumba wao niwaangalizie nyota zao kama zinapatana, nikawafukuza. Mimi si mnajimu, mimi natoa kopi.

Jambo moja la maana nililolifanya na ile programu ni karatasi ya mwezi. Dagaa huvuliwa gizani. Mwezi ukishatoka hawafuati taa, na mvuvi hana kazi tena majini. Kwa hiyo nilikuwa nachapa karatasi inayoonyesha mwezi utachomoza saa ngapi kila siku, naibandika mlangoni. Programu inaandika saa za kizungu, mimi nazigeuza ziwe saa zetu, ishirini na moja inakuwa saa tatu usiku. Kina mama wanaoanika dagaa kule ufukweni walikuwa wakipita kuisoma, wananisifia. Kwenye kugeuza saa sikuwahi kukosea hata mara moja, na nilijivunia sana. Naomba ulikumbuke hilo.

Basi, ilikuwa Jumanne, mvua za vuli zikielekea mwisho. Adhana ya magharibi ilikuwa imeshatoka, nami badala ya kufunga duka nikasali nilikuwa nimeganda kwenye pete za Zohali. Umeme ukakatika. Nilisikia mtaa mzima ukiguna kwa pamoja kama kawaida yetu. Nikaendelea na Zohali yangu.

Nilipoinua macho, mwanamume alikuwa amesimama mlangoni karibu na ile karatasi. Mtu wa makamo, miaka hamsini hivi. Alivaa sweta la kijani lililochoka, na kwenye kiwiko cha kushoto kulikuwa na kiraka cha kitenge, rangi ya udongo, chenye kipande cha bawa la ndege. Kiraka chenyewe kilishonwa vizuri kuliko sweta. Nilimtazama miguu. Ndiyo, nilimtazama, bibi yangu alinilea nikijua pa kutazama. Ilikuwa miguu ya binadamu kamili, ndani ya katambuga za tairi.

"Shikamoo," nikasema.

Alikawia kidogo, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. "Marahaba, mwanangu. Naambiwa wewe unajua saa za mwezi."

"Ziko hapo mlangoni, baba."

"Maandishi yananikimbia siku hizi. Naomba uniangalizie mwenyewe."

Nikamkaribisha kwenye benchi la wateja. Nikaiacha Zohali, nikalileta anga la Mwanza la jioni ile ile. Alisogeza uso karibu na kioo. Akaweka kidole juu ya kifungu kidogo cha nyota upande wa mashariki. "Kilimia hiki," akasema. "Umekiingizaje humo?"

Mimi na kujionyesha ni ndugu. Nikabonyeza ile herufi, nikaondoa ardhi, ili ashtuke kama nilivyoshtuka mimi. Hakushtuka. Aliinamisha kichwa akatazama sehemu ya chini muda mrefu sana, mpaka nikaanza kusikia mbu.

"Na huku chini ziko," akasema.

"Ni nyota za upande wa pili wa dunia, baba. Kutoka hapa huwezi kuziona."

"Najua."

Alilisema polepole na kwa upole, nami nikaona ni mzee tu aliyechoka. Nikarudisha ardhi mahali pake, nikamuuliza anataka siku gani.

"Usiku wa Ijumaa," akasema. "Nataka kujua mwezi utachomoza saa ngapi usiku wa Ijumaa. Mke wangu ataniwashia taa."

Akanieleza, na alivyokuwa akieleza nilihisi kama nasimuliwa nikiwa nusu usingizini. Nyumba yao iko ufukweni, chini ya mwamba uliokalia mwenzake kama chungu juu ya figa. Tangu walipooana, siku akienda kuvua mke wake alikuwa akiweka chemli juu ya ule mwamba. Mwezi ukitoka anaizima. Ndivyo walivyokubaliana: mwezi ukitoka mume hajafika, basi mke ajue amelala kambini visiwani, naye aingie ndani alale bila wasiwasi.

"Kwenye mbalamwezi si unaona vizuri zaidi?" nikamuuliza.

"Kwenye mbalamwezi mawe yote ya ufukwe huu yanafanana, mwanangu. Taa ndiyo inayonionyesha la kwetu. Mke wangu alikuwa ameacha kuiwasha. Sasa anahama, Jumamosi wanakuja kumchukua. Ataiwasha mara moja tu ya kuagia, usiku wa Ijumaa. Ikizimwa hiyo sina njia tena."

"Kwani umepotea nyumbani muda gani, baba?"

"Miaka mitatu."

Wanaume wanaokwenda visiwani wakasahau wake zao tunawajua hapa kwetu, na moyoni nilimnunia. "Miaka mitatu, na simu zipo?"

Akatabasamu. "Niliko hakushiki mtandao."

Nikapeleka programu hadi Ijumaa. Nikabonyeza saa zikimbie, jua likatua, nyota zikajaa, na mwezi uliobonyea upande mmoja ukachungulia mashariki. Ilikuwa ishirini na moja na dakika hamsini. Nikageuza kichwani, kama nilivyozoea, bila kukosea.

"Saa nne kasoro dakika kumi, baba."

Alifikiri. "Naanza safari jua likizama, na ninatoka mbali. Nikikaza kasia ninafika kabla ya saa tatu, lakini kifua changu si kile cha zamani." Akakohoa, vikohozi vifupi vikavu, viwili vya haraka na kimoja peke yake. "Una hakika na hiyo saa?"

Sasa nisikilize vizuri, maana maneno niliyomjibu ninayakumbuka moja moja, na nitakwenda nayo kaburini. Nilimwambia, "Usijiue na kasia, baba. Programu hii haikosei. Una nafasi tele, njoo taratibu."

Akaniombea dua, akainuka, akatoka. Umeme ukarudi. Nikafunga duka nikaenda zangu kusali nikijiona nimetenda wema.

Siku zilizofuata niliwaza habari za yule mzee kuliko kazi zangu. Mtu na mke wake, taa juu ya mwamba, miaka mitatu. Nilitaka kuona akifika. Ni umbea, sikatai, lakini ulikuwa umbea wa heri. Ijumaa baada ya isha nikajifunga mtandio, nikashuka ufukweni, nikawauliza kina mama wa dagaa mwamba uliokalia mwenzake uko wapi. Wakanielekeza kwa Bi Tatu.

Nilikuta giza. Hapakuwa na taa juu ya mwamba. Mama mmoja mwembamba alikuwa amekaa kizingitini anafunga mzigo kwa kamba, kwa mwanga wa simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, ila pa kukukalisha sina. Viti nimeshavifunga."

Nikaona saa mbili na nusu imepita, mwezi bado, na mzee yuko njiani. Nikasema bila kuzunguka, "Mama, mbona hujawasha taa?"

Kamba ikasimama mkononi mwake. "Taa gani?"

"Si ulisema utaiwasha usiku wa Ijumaa?"

"Niliiwasha." Alinimulika usoni na ile simu. "Wewe si mtoto wa Kiislamu wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Usiku wa Ijumaa ulikuwa jana. Leo tunaingia Jumamosi. Nyumbani kwenu hawakukufundisha?"

Walinifundisha. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Bibi yangu, Alhamisi jua likizama, alikuwa akifukiza udi, anatuita watoto wote mkekani anasema usiku wa Ijumaa umeingia, tuwasomee Yasini waliotutangulia. Kwa hesabu ya wazee usiku ndio unaotangulia, mchana wake unafuata. Nimekulia kwenye hesabu hiyo. Lakini mbele ya kompyuta nilikuwa nimezoea siku inayobadilika katikati ya usiku, na mzee aliponiambia usiku wa Ijumaa, mkono wangu ulikwenda kwenye Ijumaa bila kuniuliza. Mwezi wa Alhamisi ulichomoza saa tatu kamili. Ilikuwa imeandikwa hata mlangoni kwangu, mstari wa juu ya ule wa Ijumaa.

Nikakaa chini kwenye mchanga.

"Nani alikuambia habari za taa?" Bi Tatu akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi sikumwambia mtu. Hata kaka yangu anayekuja kunichukua hajui."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, anaizungusha kamba kidoleni. Nilipomaliza hakuniambia ninaota, wala hakulia. Aliuliza tu, "Alikuwa amevaaje?"

"Sweta la kijani. Kiwiko cha kushoto kina kiraka."

"Kiraka cha nini?"

"Kitenge, rangi ya udongo. Kina bawa la ndege."

Akaufungua ule mzigo aliokuwa ameshaufunga. Akatoa kitenge, akakitandaza mapajani, akakimulika. Kilikuwa cha ndege wakubwa wanaoruka, na kwenye pembe moja palikatwa mraba, na ndege wa hapo alikosa bawa. Nilikishika kwa vidole vyangu. Haikuwa ndoto.

"Kile kiraka nilikishona usiku ule ule aliotoka," Bi Tatu akasema. "Mtumbwi uliokotwa. Yeye hakuokotwa."

Kisha akanisimulia ya jana yake. Aliwasha chemli baada ya magharibi, akasoma Yasini yake, akakaa. Saa tatu mwezi ukatoka. Alisema hakuizima papo hapo, aliungoja mwezi mpaka ukaachana kabisa na vilima ndipo akaizima taa, kwa sababu ndivyo walivyokubaliana. Akaingia ndani. Haikupita nusu saa akasikia kasia majini, linakuja polepole kama la mtu asiye na haraka. Halafu likasimama. Akasikia kikohozi.

"Viwili na kimoja," nikasema.

"Viwili na kimoja." Alikikunja kile kitenge, akakikunjua. "Nikasema ni masikio ya mjane. Nikajifunika shuka. Kasia likawa linakwenda mwamba huu, linasimama, linakwenda mwamba ule, linasimama, kama mgeni anayebisha hodi kwenye uchochoro asioujua. Mpaka likapotelea huko upande wa uwanja wa ndege."

Nikamwomba tuiwashe tena. Nilimwomba nikilia, sioni haya kusema. Akatikisa kichwa. "Nilishamuaga, mwanangu. Taa ya kuaga haiwashwi mara mbili." Tukakaa pale. Kule majini taa za dagaa zilikuwa zimetapakaa mpaka mwisho wa macho, na juu yake nyota, na kwa muda niliona kama mtu ameondoa ardhi na sisi wawili tunaelea kwenye kizingiti cha nyumba isiyo na viti. Kisha mwezi ukachomoza. Nikatazama simu. Saa nne kasoro dakika kumi, haikuzidi wala kupungua dakika. Programu haikukosea, ilikuwa kama nilivyomwambia.

Nilipoinuka kuondoka, Bi Tatu alinifuata na chemli mkononi. "Ichukue," akasema. "Wewe ndiye unayejua saa."

Jumamosi kaka yake alikuja na gari, wakahamia Kisesa, nje ya mji.

Asubuhi hiyo hiyo Baba Deo, fundi cherehani wa mlango wa pili, Mhaya mmoja mwenye utani mwingi, aliniita. "Mama Sayari, umenunua sola hutuambii? Jumanne sisi wote gizani, wewe kompyuta inakumulika uso, unaongea peke yako." Nikacheka ili aende zake. Kisha nikaingia dukani nikaitazama ile kompyuta. Ni ya mezani, ile ya zamani, haina betri wala chochote cha kuishikilia umeme ukikatika. Ukikatika, inazima. Imezima hivyo mara ngapi kazi za watu zikapotea?

Tangu hapo ile programu nikiifungua haifungukii siku ya leo. Inafungukia Alhamisi ile, robo saa kabla ya saa tatu, giza tupu, mwezi bado uko chini ya vilima. Nimeifuta nikaipakua upya. Nimeita fundi, akasema ni tatizo la mipangilio, akatengeneza, akaondoka, nikaifungua: Alhamisi ile. Nimeacha kuhangaika nayo.

Na usiku wa Ijumaa, ule wa kweli, nikifunga duka nashuka na chemli hadi kwenye ule mwamba. Mwezi ukitoka siizimi. Naiacha mpaka mafuta yaishe. Kina mama wa dagaa wakiniona wananipisha, siku hizi hawaniiti Mama Sayari. Siku nyingine hakuji kitu. Siku nyingine nasikia kasia, linakuja haraka haraka, linakazwa mpaka nasikia pumzi, linafika karibu kabisa na mwanga. Hapo linasimama. Nadhani anaona kuwa mimi si mke wake. Anakohoa, anageuza, anarudi alikotoka. Nimekwenda Kisesa mara mbili kumsihi Bi Tatu aje usiku mmoja tu, akae yeye badala yangu. Ananipikia chai, ananiuliza hali ya duka, na nikiitaja taa ananijibu lile lile: alishaaga.

Sasa karatasi yangu ya mlangoni nimeibadilisha. Kila mstari nimeandika usiku wa kuamkia siku fulani, kwa herufi kubwa, hata watoto wa shule wananicheka. Wacheke. Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, hata kama huniamini, pokea kwangu hili moja. Mtu akija kwako jioni akakuuliza habari ya usiku, usikimbilie kumjibu kwa kuwa chombo chako hakikosei. Muulize kwanza usiku huo anaamkia siku gani. Ni swali dogo. Mimi sikumuuliza.